Jeneza Moja, Tupu

Chini ya maktaba, palipokuwa forodha,
bomba la joto linakohoa usiku na mchana.
Nje theluji imefika usawa wa dirisha,
Ziwa Superior limeganda hadi macho yanapokoma,
na mimi, ndani ya glavu nyeupe za pamba,
nageuza kurasa za meli zilizokwisha kuwa vyuma chakavu.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuisimulia:
laza ukurasa, funika, subiri mwanga upite,
andika namba, funua, laza mwingine.
Tangu Novemba nimemaliza madaftari kumi na moja.
Yamebaki arobaini, na mawili yameliwa na panya
kuanzia jina la nahodha hadi bei ya unga.

Karani wa enzi hizo aliandika upesi,
mkono wa mtu anayesikia baridi.
Majina ya Wafini yalimteleza masikioni;
asiposikia, alibuni.
Mapipa sitini ya chumvi. Ng'ombe wawili, mmoja kilema.
Cherehani. Kinanda cha kanisa, hakina kanyagio.
Kisha, Mei kumi na nne, mstari wa tisa:
jeneza moja, tupu. Sarila. Nauli dola mbili.

Siku tatu mstari ule ulinikaa kooni kama mwiba.
Jeneza tupu lapandaje meli?
Kwani hapa hapakuwa na mbao?
Nikauliza, nikajibiwa: misonobari yote
ilikuwa imeshuka shimoni kushikilia dari za mgodi.
Juu hapakubaki hata ubao wa kumlazia mtu.

Alhamisi akaja Tyyne Lampinen, miaka tisini na mmoja,
fimbo yake ina msumari nchani kwa ajili ya barafu.
Alikumbatia bati la biskuti, na ndani yake
picha sita za kioo, kila moja ndani ya soksi ya sufu.
"Za mama," akasema. "Macho yangu hayazipati tena.
Mashine yako ina macho?"

Ya nne ndiyo iliyotuketisha.
Kwenye kompyuta nyeusi ikageuka nyeupe:
gati, moshi, wanaume wenye kofia;
mmoja alitikisika, akapata nyuso mbili.
Pembeni, juu ya kasha refu,
mtoto wa kike amekaa, miguu haifiki chini,
buti za kuazima, kubwa kama ndoo.
Nikakuza. Nikakuza tena.
Ubavuni mwa kasha, kwa chaki: SARILA.

Hakulia. Akasogeza kiti.
"Mama alinisimulia kiti kirefu kilichonuka utomvu.
Walimwambia asikune rangi.
Hakuniambia kamwe ni kiti cha nani.
Sisi ni Saarela, kijana. Babu alikaa chini ya mwamba
siku tisa kabla hawajamfikia."

Kidole changu kilikuwa tayari kufuta kosa.
Akanishika kiwiko.
"Kosa hilo limenizidi umri. Liache.
Andika na letu, kando yake."

Nikaandika yote mawili.
Mashine inaruhusu herufi mia mbili za maelezo:
buti hazikuenea, wala utomvu,
wala yule mwenye nyuso mbili.

Alipokwisha kufunga skafu nikamwonyesha daftari.
Akafuata mstari kwa kucha, polepole,
hadi safu ya mwisho, ambayo mimi
kwa siku tatu sikuitazama.
*Aliyelipa: mjane.*

"Kampuni," akasema Tyyne, "ilituambia jeneza lilikuwa zawadi.
Kila Krismasi bibi alipeleka mkate kwa meneja,
kushukuru."

Bomba likakohoa.
Picha hakuitaka. Aliomba nakala ya ukurasa,
mbili kama wino unatosha,
akazikunja ndani ya bati na soksi tupu.

Nikamsindikiza ngazini. Nikarudi, nikavaa glavu.
Mei kumi na tano: viazi magunia thelathini,
misumari, kioo cha dirisha, kimevunjika.