Mita Nne Juu ya Ardhi

Kazi yangu ni kupima kivuli
cha jengo ambalo bado halijazaliwa.
Nakaa ofisi za kata ya Nerima, dawati la vibali,
na rula, na kahawa ya mashine iliyokwisha kupoa,
na siku moja tu ya mwaka mzima:
ile ya Desemba, fupi kuliko zote,
tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi.
Siku nyingine sheria haina habari nazo.

Kampuni ya Onodera iliomba ghorofa kumi na nne.
Nikachora mstari. Jengo likakatwa bega,
likarudi, likakatwa tena, likachongoka kama penseli.
Ukipita na treni ukaona mapaa yaliyolala upande
usidhani ni madaha ya msanifu:
hapo jua lilidai njia,
nasi tukaligongea mhuri.

(Eneo la biashara, kule Shinjuku,
jua halina wakili.
Minara hupanda mpaka pesa ichoke.)

Kisha akaja Bi Kinuyo Hatanaka,
miaka themanini na moja, miwani imefungwa uzi.
Akaweka kidole juu ya mchoro.
"Hapa ni wapi?"
Ni kwako, mama. Kivuli kitakukalia kwa saa tatu tu,
hakikuvuka kiwango.
"Mbona mimi nimehesabu sita?"
Nikameza mate, nikamwonyesha maandishi madogo:
kivuli hupimwa mita nne juu ya ardhi.

"Na nani anaishi mita nne juu ya ardhi?"

Sikuwa na fomu ya swali hilo.

Jengo likasimama,
halali hadi msumari wa mwisho.

Desemba, siku ile yenyewe, nilikwenda bila kutumwa.
Ua wake ulikuwa wa buluu kwa baridi,
ndoo ya maji imeota ngozi ya barafu.
Lakini juu, kwenye mwanzi mrefu
alioufunga na nguzo ya kuanikia nguo,
amezipandisha persimoni zake, zimemenywa,
zimening'inia mbili mbili kwenye kamba,
na jua limezishika zote.

Nikatoa tepu. Mazoea hayana dawa.
Mita nne na sentimita mbili.

"Nimezihamishia iliko sheria," akasema,
akaiteremsha moja kwa ndoano, akanipa.

Upande mmoja ilikuwa tamu.
Upande wa pili bado inakaza ulimi.