Daftari la Zablon

Ndege ya jioni imepita juu ya bati, hapa Kisian,
na hakuna aliyeinua kidole kusema,
"Sikia, injini ya kushoto ina kikohozi."
Ndipo nilipojua, Zablon Ombewa, kwamba kweli umekwenda:
si kwa jeneza, wala kwa wastaafu wanne
waliopiga saluti huku suruali za zamani zikiwabana.

Tulikuwa vijana wa karakana, Nanyuki,
baridi ya mlima ikitupasua midomo,
mikono ikinuka mafuta ya ndege hata tulipokula.
Siku moja ikapotea nati, ndogo kama punje ya mtama.
Rubani alikwisha kuvaa kofia. Afande alikwisha kutukana.
Wewe ukasema: hairuki.
Ukatambaa sakafuni na tochi, saa tatu nzima,
ukaipata ndani ya upindo wa suruali yangu.
Hukumwambia mtu ilikuwa suruali ya nani.

"Rubani husifiwa akipaa," uliniambia usiku ule.
"Sisi sifa yetu ni lile lisilotokea."

Kisha Perez akaanguka jikoni, mwiko mkononi.
Upande mmoja wa mwili ukagoma,
maneno yakamkimbia, yakabaki mawili:
"ee", na jina lako.
Shemeji zako wakasema, mwanamume haogeshi.
Ukawasikiliza. Ukawapa chai.
Ukaenda Kibuye kununua beseni pana.

Miaka kumi na moja.

Krismasi moja nilikukuta unamsuka nywele,
vibaya, mistari imepinda kama njia ya kupanda Riat,
naye anacheka kwa ule upande wa uso unaocheka.
Sikujua nitazame wapi.
Mimi nilikuwa nimemwacha mama kwa dada yangu, Ugunja,
natuma pesa kila mwisho wa mwezi
na hiyo nikiiita kutunza.

Leo baada ya maziko mwanao alinionyesha daftari.
Si moja. Ni kumi na saba, yamepangwa kwa tarehe
ndani ya sanduku la bati lenye namba yako ya jeshi.
Mwandiko uleule wa karakana, umesimama wima:
SAA NANE USIKU. AMEGEUZWA KUSHOTO. NGOZI SAFI.
SAA KUMI. AMEGEUZWA KULIA. UJI, VIJIKO VINNE.
SAA KUMI NA MBILI. AMETAZAMA MVUA.
Na kando ya kila mstari, sahihi yako,
kana kwamba kuna mtu angepaa angani akiutegemea.

Nimetafuta mahali ulipoandika: nimechoka.
Sikupapata. Mara moja tu, pembeni, kwa penseli:
leo nimemfokea. nimeomba msamaha. amesema ee.

Walikukuta asubuhi umeketi sakafuni,
mgongo umeegemea kitanda chake,
mkono wake mzima umeshika kola ya shati lako.
Alikuwa akiita jina lako tangu jogoo la kwanza.
Majirani walisikia. Wakadhani anakuita tu,
kama siku zote.

Mstari wa mwisho hauna sahihi.
SAA NANE USIKU. AMEGEUZWA KUSHOTO.

Nyumba imejaa watu waliolala kwenye makochi na viatu vyao.
Perez yu macho, ananitazama.
Nimenawa. Nimepitisha mkono mmoja chini ya bega,
mwingine chini ya nyonga,
kama ulivyonionyesha mara moja nikidhani unanitania.
Nimekosea mto. Nimerudia.
"Ee," amesema, na sijui ameniruhusu au amenisamehe.

Kazi isiyo na sahihi haijafanyika:
sheria hiyo ulinifundisha wewe.
Kwa hiyo nimetia yangu pale ulipoacha,
kisha chini yake, kwa mwandiko wangu mbovu:
saa kumi. amegeuzwa kulia.
Nikakaa. Nikainama gizani
nikapapasa upindo wa suruali.