Ndia

Kadi ya kwanza ni kikombe.
Mama anakitazama, anakitambua.
Mkono wa kushoto unakunja vidole
kana kwamba sikio la kikombe liko pale pale hewani.
Kisha anasema, kwa yakini ya mwalimu:
"Jumanne."

Kadzo hacheki. Anaandika kitu.
Feni ya hospitali ina kigugumizi,
na chini ya dirisha Makadara inapiga honi.

Ufunguo: "Jumanne."
Paka: kimya kirefu, midomo ikipapasa.
"Yule... yule wa kuiba samaki."
Anajua kila kitu cha paka ila paka.

Miaka thelathini na mmoja, darasani Tononoka,
huyu alikuwa Mwalimu Mwanamkuu wa kalamu nyekundu.
Mimi bintiye nilikatwa maksi mbili
kwa kuandika ndia badala ya njia.
"Lugha ya nyumbani iacheni mlangoni na viatu."
Tuliiacha.
Saa saba mchana tulirudia viatu tu.

Daktari alinionyesha picha ya kichwa chake:
doa jeusi ubavu wa kushoto,
kubwa kama kokwa ya tende.
Hapa, akasema, damu ilikosa kupita.
Nikamwuliza, na maneno yamekwenda wapi?
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Usiku nilisoma, kwa simu, chini ya chandarua.
Kumbe neno haliingii sikioni likiwa neno.
Huingia mtikisiko.
Vifupa vitatu vidogo kama mbegu za papai
vinagongana, maji yanatukutika,
umeme unapanda gizani bila taa wala mtu,
na mahali fulani, kabla hujapepesa,
tayari ni chai,
tayari una kiu.
Kazi yote hiyo, na hakuna aliyewahi kushukuru.
Mimi pia sikushukuru
hadi asubuhi ile nilipomwambia mama "chai"
akanitazama kama niliyeangusha sufuria.

Lakini harufu ina mlango wake.
Haipigi hodi kwa karani yeyote,
hupita uani, moja kwa moja hadi walipolala wazee.

Ijumaa, Kibokoni, nilikuwa jikoni na mahamri,
nimesimama dirishani nikimtazama mtoto wa jirani
akijifunza baiskeli, akianguka, akiitukana.
Mafuta yakapanda moto, hiliki ikaanza kuungua.
Kutoka chumbani, sauti nzima, haina ufa:
"Yaungua hayo, we mwana! Watazama ndia?"

Ndia.
Nilishika mwiko kama mtu aliyeshika kalamu,
nyekundu,
na sikukata maksi.

Nikarudi kwa Kadzo na kadi zangu mwenyewe,
nimeziandika nyuma ya karatasi za kalenda.
Siyo kichwa: kitwa.
Siyo machozi: matozi.
Siyo njoo: ndoo.
Mama akazipokea moja moja
kama mtu anayerudishiwa vyombo
alivyowaazima majirani kabla ya harusi ya nani sijui.
Mengine alitamka. Mengine alinusa tu karatasi.
Kadzo aliandika ukurasa mzima,
akasema kwao Kaloleni bibi yake naye,
kisha akanyamaza, zamu yake ilikuwa imekwisha.

Sitaki kudanganya: kikombe kimekataa.
Kwa Kimvita, kwa kitabu, kwa ishara, kimekataa.

Leo nimemletea chai ya tangawizi,
nikakishika mbele yake, nikamtangulia:
"Mama, Jumanne hii. Kunywa."
Akanitazama. Nyusi zile. Darasa zima likanyamaza kifuani mwangu.
Akakipokea, akapuliza,
akanisahihisha polepole, neno kwa neno:
"Jumanne
hainywewi."