Stuli

Dokta Atupakisye hakunikaribisha chai.
Alinisogezea stuli, akasema: kaa hapo, tazama.

Usiku, Tukuyu, mvua inatwanga bati.
Kijana kaanguka na pikipiki, mteremko wa Kiwira,
yeye na mikungu miwili ya ndizi.
Picha ya kifua chake imeshafika kwenye skrini,
lakini skrini bado inahoji:
Jina? Namba? Aina? Dirisha lipi? Una uhakika?

Akabofya. Akarudi. Akabofya.
Glavu kaivua kwa meno.
Nikahesabu: mara kumi na tisa
kabla hajauona ubavu mmoja.

Na vitufe vile ni mimi niliyevipachika,
Mbeya mjini, ndani ya sweta mbili,
nikavipaka rangi, nikajisifu.

“Hiki cha nini?”
Nikajibu kwa maneno marefu.
“Mie nataka mwanga tu,” akasema,
“kama unavyopandisha utambi wa kandili.”

Kulipokucha nikaanza kufuta,
polepole, kama anayepalilia maharage machanga
akiogopa kung'oa mche.
Kikabaki kidole juu ya picha:
kikipanda, nuru; kikishuka, giza.
Na ya mwaka jana kando ya ya leo,
bila kuulizwa chochote.

Nikarudi mwezi uliofuata, stuli ileile.
Hakusema asante. Skrini aliitupia jicho moja tu,
kisha akamgeukia bibi aliyeshika mbavu:
“Mama, vuta pumzi. Panauma hapa?”

Chai ililetwa saa tisa usiku, imepoa.
Nikainywa yote.