Mivukuto

Kinanda tulikikuta kwenye kanisa lisilo na paa,
huko Võrumaa, Februari, panya wamezalia ndani ya mivukuto.
Kitufe kimoja kilinasa, hakirudi juu.
Leelo akasema: usikinasue. Huo ndio wimbo.

Dakika arobaini na moja
nakanyaga, nakanyaga, sauti ile ile inavuma
kama nzi juu ya jambo ambalo hatujaambiwa.
Yeye anasugua zeze kwa uta usiopakwa sandarusi,
mlio wa bawaba, mlio wa jino,
kisha ule ubeti wa harusi aliourithi kwa mamake,
neno moja kwa pumzi moja,
akiuvuta, akiuvuta,
mpaka bibi harusi hana uso.

Kwenye jalada alivaa shela
na fuvu la paa,
mikono ameichovya kwenye maji ya bitiruti.
Nilicheka. Kiinimacho cha kutishia watoto.

Usiku tukausikiliza mkanda jikoni, chai inapoa.
Dakika ya thelathini na mbili
nikasikia kiatu changu kikiacha kukanyaga.
Nakumbuka: ganzi. Niliinuka, nikajinyoosha,
nikaenda dirishani kutazama theluji.

Sauti haikukoma.

Leelo hakugeuka. Alikuwa anahesabu kwa midomo.
Kisha akavuta karatasi ya shukrani,
penye neno "mivukuto" akaandika jina langu,
akaandika "na",
akaacha nafasi.