Ukurasa Ulioshonewa Ndani

Jandir,
mama yako alinipigia simu Jumanne usiku, hakusema neno.
Nikasikia birika likichemka huko kwenu, ng'ambo ya Guaiba,
nikajua umepimwa, na majibu yametoka.

Mimi si daktari. Ni karani, mwaka wa thelathini na moja
katika masijala ya Porto Alegre, ghorofa ya pili,
wanapoandikisha vizazi, ndoa, vifo,
na mashamba yanayogombewa maiti ingali ndani.
Vitabu navijua. Waghushi nawajua.

Huyo aliyekuingia hana nyumba wala kalamu.
Ana barua fupi kwapani, basi.
Anaichagua chembe nyeupe ile ile iamshayo jeshi,
anajaribu kitasa cha kwanza, kikikubali, cha pili,
koti lake linayeyukia ukutani,
barua inadondoka ndani.

Hapo ndipo uhuni unapoanza.
Sheria ya chembe ni hii: kitabu hunakiliwa kuwa barua,
barua haigeuki kitabu.
Yeye kaja na karani wake, mlevi, aandikaye kinyumenyume,
na barua inakuwa ukurasa.
Mlevi hukosea herufi, kila nakala ina sura yake,
ndiyo maana walinzi hawana picha moja ya kubandika ukutani.
Kisha sindano:
ukurasa unashonewa katikati ya kitabu chako,
karibu na rangi ya macho ya bibi yako,
na chembe, mtumishi mtiifu, inausoma kama wake.
Inatoa barua, inatoa minyororo ya makoti,
mkasi unakata kwa vipimo,
wapya wanatoka mlangoni.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Hiki kimevua nguo, kimeingia kitabuni.

Mjomba wako Adroaldo alipata homa wiki mbili,
akasema ni baridi ya Agosti. Akapona.
Miaka saba alipandisha saruji ngazini, akipiga mluzi,
na chembe zikipungua: mia nane, mia tatu, arobaini.
Ukaja utando mweupe mdomoni,
kikohozi kikavu, jasho la kulowesha godoro.
Vijidudu vya hewa ya kila mtu, vinavyokupitia wewe na mimi,
viliingia kwake kama dukani kusiko na mwenyewe.

Daktari aliandika neno lenyewe kwenye cheti.
Mimi nikanakili: nimonia.
Waghushi nawajua, nimekwambia.

Miezi minne baadaye nikapimwa mimi.
Ndiyo, mimi. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Nilianza na vidonge kumi na sita kwa siku,
kengele ya saa jikoni, tumbo likigeuka kama tambara.
Sasa ni kimoja, baada ya chai.
Dawa za kufubaza: aliyezipa jina aliujua wino.
Mojawapo humpa mlevi herufi isiyoshikana na ijayo;
akishaiweka, sentensi inafia papo hapo.
Nyingine huficha sindano,
nyingine hutia mkasi ubutu.
Usiniambie utakunywa ukikumbuka.
Ukirukaruka siku, mlevi hujifunza mwandiko mpya.

Sikudanganyi: ukurasa haung'oki.
Umelala ndani yangu, katika chembe zinazosinzia,
ukingoja niuache mlango wazi.
Lakini kipimo kinautafuta damuni hakiuoni, mwaka baada ya mwaka,
na kisichoonekana hivyo hakivuki kitandani.
Dorvalino nalala naye miaka kumi na miwili.
Hana. Anakoroma tu.

Alhamisi, kituo cha afya, saa moja na nusu, kabla ya foleni.
Nitavaa koti la kijani lile unalolicheka.
Hulipi kitu. Beba kitambulisho,
na wakiandika jina lako inama uangalie:
wanasahau ile "r" ya mwisho,
na kusahihisha, mwanangu, huchukua miaka.