Limepungua Mizani Moja

Daftari la zahanati yetu, Makorora,
lina safu ya tarehe, ya jina, ya umri, ya mtaa,
na moja nyembamba, upana wa vidole viwili:
Tatizo.
Humo nimeandika miaka kumi na minne:
tumbo. Kiuno. Tumbo. Yutiai.
Taifodi. Tumbo tena.
Aliyetapika nilimwita malaria
hata kipimo kilipokataa.

Mwantumu Hemedi, mshona sare, barabara ya kumi na sita,
huja kila mwezi kama kodi ya nyumba.
Veronika Mndolwa, karani wa mizani kiwanda cha saruji,
hupima malori kutwa;
yeye hajapata wa kumpimia.
Semeni, kidato cha tatu: matroni kasema
anakwepa hesabu.

Mimi simo. Karani hajiandiki.

Mama aliliita chango, na bibi vilevile.
Neno lina mlango mpana, huingia kila kitu,
hakitoki kitu.
Nimekunywa mizizi, maji rangi ya kutu.
Ukiolewa litatulia. Nikaolewa.
Ukizaa litakwisha.
Hapo tukanyamaza, mimi na mama
na mkungu wa ndizi aliokuja nao.

Bombo, baada ya picha mbili zilizosema hakuna kitu,
daktari mmoja, msichana, mgeni wa miezi mitatu,
aligeuza karatasi ya dawa akachora nyumba.
Huu utando, akasema, hukaa ndani ya mji wa mimba.
Wako umeota nje, nyuma ya ukuta, juu ya utumbo,
na kila mwezi nao huvuja,
na huko nyuma hakuna mlango.
Nikamwomba jina. Akaliandika.
Nikauliza: tuko wangapi?
Duniani, akasema, hukisia mmoja kati ya kumi.
Na hapa Tanga?
Akainua mabega. Nani kahesabu?

Baba mdogo hutunga mashairi,
hugonga mizani kwa vidole pajani.
Nikampelekea jina kama mtu apelekaye saa mbovu.
E-ndo-me-tri-o-si-si.
Akagonga, akarudia, akatikisa kichwa:
Saba. Halitimizi kipande,
limepungua mizani moja.
Ni mji gani huo?
Ni mji wa mimba, nikamwambia.

Vidole vikatulia.
Marehemu Tunu, akasema, dada yetu,
alikuwa akijikunja vile sakafuni,
nasi tukimcheka kuwa anaigiza.

Sikuwa nimemhesabu Tunu.

Sasa zamu za usiku nashika penseli.
Nafungua tangu Januari, natia duara
kila jina lililorudi na tumbo lilelile, tarehe zilezile.
Si utafiti. Ni penseli tu.
Lakini kuna kurasa zimejaa duara
kama sufuria iliyoanza kuchemka.
Na benchi la jana, wanawake kumi,
watatu walikaa upande,
kama mtu aliyekalia yai asitake livunjike.
Wa nne alikuwa mimi, dirishani, nimesimama
kwa sababu kukaa kuna gharama zake.

Leo asubuhi Semeni amerudi,
sweta kafunga kiunoni juu ya sketi ya shule.
Nikamwuliza la mwezi huu.
Nikamwuliza la mwezi uliopita, na wa kabla yake.
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
kwa mara ya kwanza.

Nikaandika. Safu haikutosha;
jina likavuka mstari, likaingia kwenye safu ya dawa,
ambako hapakuwa na dawa ya kulipisha.
Na kwa kuwa karani si daktari
nikatia mwishoni alama ya kuuliza.
Nikagonga pajani, kwa siri:
saba, na ile alama.

Nikalinakili kwenye kikaratasi:
nenda nalo Bombo, hivihivi lilivyo.
Semeni akalisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima,
akakwama katikati.
Mwantumu akainua kichwa benchini.

Taratibu, nikasema. Anza tena.